Mwongozo kamili: jinsi ya kupima hisa za kiwanda cha mota na jenereta, kwa mfano wa WEG ya Brazil

Mwaka 2011 Shirika la Kimataifa la Nishati lilikadiria kwamba mota hutumia kati ya 43% na 46% ya umeme wote duniani. Pampu ya maji, feni ya kukaushia majani ya chai, mkanda wa kubeba mawe mgodini, kompresa ya chumba cha baridi cha samaki: vyote vinazungushwa na mota. Upande wa pili wa waya kuna jenereta, ambayo kwa ndani ni ndugu wa mota. Anayetengeneza vyote viwili anauza mwanzo na mwisho wa safari ya umeme.

Biashara kama hiyo inafaa kuwekewa akiba? Swali hilo halijibiki kwa ujumla, kwa hiyo mwongozo huu unachukua kampuni moja, WEG S.A. ya Brazil, na kuipima hatua kwa hatua. Nimeichagua kwa sababu ni miongoni mwa watengenezaji wakubwa wa mota za viwandani duniani, taarifa zake zimeandikwa kwa uwazi, na iko Afrika: mwaka 2010 iliinunua Zest ya Afrika Kusini, na tangu hapo imekuwa na kituo kinachohudumia migodi na viwanda vya bara hili.

Ubora wa kampuni hii si jambo gumu kuliona. Kazi ngumu ni kuchambua ukuaji wake: kiasi gani kimetoka kiwandani, kiasi gani kimetokana na kushuka kwa sarafu, kiasi gani kimenunuliwa pamoja na kampuni nyingine. Kisha uangalie bei ya hisa imeshalipia ukuaji wa miaka mingapi ijayo. Hatua zote hapa chini zinaelekea hapo.

Hatua ya 1: Ijue kampuni na watu wake

WEG ilianzishwa tarehe 16 Septemba 1961 katika mji wa Jaraguá do Sul, jimbo la Santa Catarina, kusini mwa Brazil. Waanzilishi walikuwa watatu: Werner Ricardo Voigt, fundi umeme, Eggon João da Silva, mtu wa utawala na hesabu, na Geraldo Werninghaus, fundi mitambo. Jina la kampuni ni herufi za mwanzo za majina yao. Makao makuu yangali Jaraguá do Sul.

Familia zao bado zinashikilia zaidi ya nusu ya hisa. Hilo lina pande mbili. Hutapiga kura ukabadilisha chochote, kwa sababu wao wanatosha. Lakini wao pia wanaishi kwa gawio la kampuni hii, na historia inaonyesha kuwa hawapendi madeni wala miradi ya kujionyesha. Mwaka 2007 kampuni iliingia Novo Mercado, ngazi ya soko la hisa la São Paulo yenye masharti makali zaidi ya utawala, ambako kila hisa ina kura. Harry Schmelzer Jr. aliiongoza kuanzia 2008 hadi 2024, kisha akamwachia Alberto Kuba aliyekulia ndani ya kampuni. Mabadiliko ya uongozi yaliyo tulivu namna hii ni dalili njema, na ninayapa uzito kuliko hotuba yoyote ya mkurugenzi mkuu.

Hatua ya 2: Tenganisha mota na transfoma

Wengi hukosea hapa kwa kuuona mzigo mmoja. Fungua ripoti ya robo mwaka uende kwenye mgawanyo wa mapato. Utakuta makundi manne.

La kwanza ni vifaa vya umeme vya viwandani: mota za volti ndogo na kubwa, gia, inveta za kudhibiti mwendo, paneli. Linakaribia nusu ya mapato. La pili ni uzalishaji, usafirishaji na usambazaji wa umeme: jenereta za maji na za mvuke, transfoma, mitambo ya upepo, vifaa vya jua. Linachukua takriban mbili ya tano. Yanayobaki ni mota ndogo za mashine za kufulia, viyoyozi na vifaa vingine vya nyumbani, halafu rangi na vanishi.

Makundi mawili makubwa hayafuati kalenda moja. Mota ya kilowati 15 huagizwa leo na kuondoka ghalani baada ya siku au wiki chache. Viwanda vikipunguza kazi, mauzo ya mota hizi yanashuka robo hiyohiyo, na yanarudi mapema pia. Jenereta ya bwawa la umeme au transfoma kubwa ya kituo cha kupozea umeme huagizwa mwaka mmoja, ikalipwa kwa awamu, ikafikishwa mwaka wa pili au wa tatu. Kwa hiyo mapato mazuri ya transfoma unayoyasoma leo ni matunda ya mikataba ya zamani. Ukitaka kujua kesho, tafuta maneno ya uongozi kuhusu oda mpya na oda zilizobaki mkononi, uyasome mara mbili.

Kundi la pili lina mfano wa jinsi mambo yanavyogeuka haraka. Januari 2022 Brazil ilipitisha Sheria namba 14.300, iliyopunguza hatua kwa hatua nafuu ya watu wanaofunga sola majumbani na kurudisha umeme kwenye gridi. Wateja wakakimbilia kufunga kabla nafuu haijaisha, mauzo yakapaa, mwaka uliofuata yakashuka huku bei ya paneli nayo ikiporomoka duniani. Mitambo ya upepo nayo ilikauka oda. Mtu aliyetazama ukuaji wa 2022 na kuunyoosha kwa rula hadi 2030 alijidanganya.

Hatua ya 3: Angalia kinachoingia kiwandani

Mota ni shaba, chuma na maarifa. Ndani yake kuna mabati membamba ya chuma chenye silikoni yaliyopangwa kama kurasa, waya za shaba zilizopakwa vanishi, shafti, beringi na bodi la chuma au alumini. Fundi anayesuka mota zilizoungua anajua gharama inakaa wapi: kwenye shaba.

Mei 2024 tani moja ya shaba katika soko la London ilivuka dola 11,000 kwa muda, bei iliyokuwa haijawahi kuonekana. Wasomaji wa Kolwezi na Likasi wanajua maana yake kwa upande wao, maana Kongo sasa ni miongoni mwa wazalishaji wawili au watatu wakubwa wa shaba duniani. Kwa mtengenezaji wa mota ni gharama inayopanda kabla hajapandisha bei kwa mteja. Kampuni yenye jina hupandisha bei baada ya miezi michache, na ile isiyo na jina hula hasara. Basi linganisha bei ya shaba na faida ghafi ya kampuni, yaani mauzo ukitoa gharama ya kutengeneza bidhaa, robo kwa robo, kwa miaka mitano. Faida ghafi ikiyumba kidogo tu shaba inapopaa, kampuni ina nguvu ya kupanga bei.

WEG ina kinga ya ziada. Inayeyusha chuma chake yenyewe huko Guaramirim, karibu na makao makuu, inavuta na kupaka waya zake, inatengeneza vanishi na rangi zake, na hata mbao za makasha ya kusafirishia hutoka kwenye mashamba yake ya miti. Viwanda vingi vya Ulaya viliacha kazi hizi miaka mingi iliyopita vikawapa watu wa nje. Mwaka 2021, ulimwengu ulipokosa vipuri na makontena, aliyekuwa na kila kitu mkononi ndiye aliyefikisha mzigo, na mapato ya WEG mwaka huo yaliruka kwa zaidi ya theluthi moja. Kwa maoni yangu hii ndiyo sifa ya kampuni ambayo mshindani atahangaika zaidi kuiiga, kwa sababu inadai miongo ya uwekezaji usio na umaarufu.

Hatua ya 4: Zisome hesabu, kisha uzibadilishe ziwe dola

Hii ndiyo hatua ndefu. Usiikimbilie.

Andika kwanza mapato na faida halisi. Kwa mabilioni ya reais, sarafu ya Brazil, mapato yalikuwa 13.3 mwaka 2019, kisha 17.5, 23.6, 29.9, 32.5, na 38.0 mwaka 2024. Faida halisi ilikuwa 1.6, 2.3, 3.6, 4.2, 5.7 na 6.0. Gawanya faida kwa mapato: mwaka 2019 kila reais 100 za mauzo ziliacha 12, mwaka 2023 zikaacha karibu 18, mwaka 2024 zikarudi 16. Ni mwendo unaovutia. Mapato yameongezeka mara 2.9 kwa miaka mitano.

Sasa geuza. Mwaka 2019 dola moja ilikuwa na wastani wa karibu reais 3.95, mwaka 2023 karibu 5.0, mwaka 2024 karibu 5.4. Kwa dola, mapato yalikuwa takriban bilioni 3.4 mwaka 2019, bilioni 6.5 mwaka 2023, na bilioni 7.0 mwaka 2024. Ongezeko la mara 2.9 limegeuka kuwa mara 2.1. Kwa mwekezaji anayehesabu akiba yake kwa shilingi au kwa dola, namba ya pili ndiyo yake.

Endelea kuchimba mwaka 2024 peke yake. Kwa reais mapato yalikua kwa 17%. Kwa dola, 8% hivi. Ndani ya hizo 8% kuna biashara ya Marathon ya Marekani, ambayo WEG iliinunua (tutaipima Hatua ya 5), iliyoingia mwishoni mwa Aprili mwaka huo na ambayo kabla ya kununuliwa ilikuwa ikiuza zaidi ya dola milioni 500 kwa mwaka. Toa miezi nane ya mauzo yake, na ukuaji uliotoka ndani ya kampuni yenyewe, kwa dola, unabaki asilimia chache tu. Hesabu hii ina ukali kidogo kwa kampuni, kwa kuwa sehemu kubwa ya mauzo yake hufanyika Brazil kwa reais na hupungua kwenye karatasi kila reais inaposhuka. Hata hivyo ni bora uwe na namba kali uliyoikokotoa mwenyewe kuliko namba tamu uliyopewa.

Kipimo cha pili ni faida kwa mtaji uliowekezwa, ambacho kwenye ripoti kimeandikwa kwa herufi ROIC. Kinauliza: kila 100 iliyowekwa kwenye majengo, mashine na bidhaa za ghalani imerudisha ngapi kwa mwaka baada ya kodi? Kwa kiwanda cha chuma na shaba, 12% ni nzuri. WEG ilizidi 30% mwaka 2023 na 2024. Namba hii naipa nafasi ya kwanza kuliko nyingine zote, kwa sababu inaonyesha kama kampuni inaweza kukua bila kukopa na bila kuuza hisa mpya. Itazame kila robo. Ikianza kushuka robo baada ya robo, ujue ama ununuzi mpya bado haujaiva, ama viwanda vipya vimejengwa kabla ya wateja, ama ushindani umeuma. Uongozi lazima ueleze ni lipi kati ya hayo.

Kipimo cha tatu ni deni. Mwisho wa 2023 na wa 2024 kampuni ilikuwa na fedha taslimu nyingi kuliko mikopo. Katika nchi ambayo riba ya benki kuu ilifika 15% Juni 2025, kiwango cha juu kabisa tangu 2006, kutodaiwa ni faida kubwa.

Mwisho, soma maoni ya wakaguzi. Watu huruka ukurasa huo kwa kuwa huwa umeandikwa maneno yaleyale kila mwaka. Siku maneno yakibadilika, akiba yako iko hatarini. Septemba 2025 Nidec ya Japani, mtengenezaji mkubwa wa mota kuanzia zile za diski za kompyuta hadi jenereta za Leroy-Somer, ilitangaza uchunguzi wa kamati huru kuhusu mahesabu yake. Hisa zikaporomoka, na wakaguzi hawakutoa maoni juu ya hesabu za mwaka. Jina kubwa halikumsaidia mwenye hisa.

Hatua ya 5: Pima ununuzi wa kampuni nyingine

Septemba 2023 WEG ilitangaza kununua biashara ya mota na jenereta za viwandani ya Regal Rexnord ya Marekani kwa dola milioni 400. Ndani yake kulikuwa na majina ya Marathon, Cemp na Rotor, na viwanda kumi katika nchi saba. Mauzo ya 2022 yalikuwa dola milioni 541.5, na faida ya uendeshaji kabla ya uchakavu karibu 9.5%, wakati WEG yenyewe ilikuwa ikipata zaidi ya 20%.

Fanya hesabu ndogo. 9.5% ya milioni 541.5 ni takriban milioni 51, kwa hiyo bei ilikuwa karibu mara 8 ya faida hiyo. Soko wakati huo lilikuwa likiipa thamani WEG kwa kizidisho, yaani idadi ya mara bei inavyoizidi faida, kikubwa zaidi ya mara mbili ya hicho. Kununua kwa 8 na kuuleta uzembe wa kiwanda kingine kwenye nidhamu yako ni kazi nzuri ikifanikiwa. Kuna jambo la ziada linalomhusu msomaji wa kwetu. Marathon inatengeneza alternata, ile sehemu ya nyuma ya jenereta ya dizeli inayozalisha umeme wenyewe. Fundi yeyote wa jenereta Dar es Salaam au Nairobi anaijua Stamford, ambayo ni ya Cummins. Leroy-Somer ni ya Nidec. Kwa Marathon, WEG imeingia rasmi kwenye soko hilo wakati vituo vya kuhifadhi data vinaagiza jenereta za akiba kwa wingi.

Mwaka 2024 ilifuata Volt ya Uturuki, mtengenezaji wa mota, kwa dola milioni 88. Bei ndogo, lakini inasogeza kiwanda karibu na Ulaya na Mashariki ya Kati.

Swali lako kila unapoona tangazo la ununuzi ni moja: baada ya miaka mitatu, faida ya kitengo kile imepanda? Kampuni ikiacha kukitaja kwa jina, andika barua pepe kitengo cha mahusiano ya wawekezaji uulize. Wanajibu watu wadogo pia.

Tazama pia wanaouza. Siemens iliitenga biashara yake ya mota kubwa kwa jina la Innomotics, ikaiuza kwa kampuni ya uwekezaji ya KPS kwa euro bilioni 3.5, na shughuli ikakamilika Oktoba 2024. Regal Rexnord nayo ilikuwa muuzaji. Majina makubwa yanajiondoa kwenye mota za kawaida kwa sababu faida yake ni ndogo kuliko ya programu na mitambo ya kujiendesha. Anayebaki hupata soko pana zaidi, pamoja na washindani wa China kama Wolong ambao hawaondoki.

Hatua ya 6: Orodhesha kinachoweza kuleta ukuaji, na uulize kila kimoja ni cha kudumu au cha msimu

Sheria za ubora wa mota ni za kudumu. Umoja wa Ulaya ulitaka kuanzia Julai 2021 mota nyingi mpya za kilowati 0.75 hadi 1,000 zifikie daraja la ufanisi la IE3 (namba ikiwa kubwa, mota inapoteza umeme kidogo), na kuanzia Julai 2023 zile za kilowati 75 hadi 200 zifikie IE4. Nchi nyingine zinafuata nyuma. Sababu iko wazi ukiikokotoa. Mota ya kilowati 75 ya mizunguko 1,500 ya daraja la IE2 ina ufanisi wa 94%, ya IE4 ina 96%. Ikifanya kazi saa 6,000 kwa mwaka ikiwa na mzigo kamili, tofauti ni takriban uniti 10,000 za umeme. Zidisha kwa bei ya uniti unayolipa kiwandani kwako, utaona mota mpya inavyojilipa yenyewe. Ndiyo maana wateja hubadilisha hata mota ambayo bado inazunguka.

Transfoma ni suala gumu zaidi. Gridi ya Marekani imezeeka, vituo vya data vinataka umeme mwingi, na foleni ya kusubiri transfoma kubwa imekuwa ndefu tangu 2021. WEG ina kiwanda Missouri, vingine Brazil na Mexico, na imekuwa ikiviongeza. Lakini na washindani wote wanaongeza viwanda kwa wakati mmoja. Foleni itapungua siku moja, na bei nzuri ya leo itapungua nayo. Kwenye makadirio yangu ningehesabu faida ya transfoma kuwa ya muda, ikiendelea vizuri miaka michache, kisha irudi kawaida.

Betri kubwa za gridi, chaja za magari ya umeme na mota za mabasi: viwekee alama ya kuvutia, usivilipie.

Hatua ya 7: Hatari, kwa mpangilio wa uzito

Ushuru wa Marekani ni wa kwanza. Agosti 2025 serikali ya Marekani ilipandisha ushuru hadi 50% kwa bidhaa nyingi za Brazil. WEG hupata zaidi ya nusu ya mapato yake nje ya Brazil, na Marekani ni mteja mkubwa. Kampuni ilieleza mpango wa kuihudumia Marekani zaidi kutoka viwanda vyake vya Mexico na India, na kutumia uzalishaji wa Brazil kujaza nafasi kwingine. Kampuni yenye kiwanda kimoja isingekuwa na njia hiyo. Hata hivyo kuhamisha mota kubwa zilizobuniwa kwa mteja fulani ni kazi ya miezi, na viwango vya ushuru vinaweza kubadilishwa kwa saini moja. Kabla hujanunua, pata taarifa ya sasa.

Pili ni sarafu, tuliyoiona. Reais ilianza 2024 ikiwa chini kidogo ya 4.9 kwa dola, ikaumaliza mwaka ikiwa karibu 6.2. Reais ikishuka, bidhaa za kuuza nje zinapata nafuu na mapato yanavimba kwenye karatasi. Ikipanda, kinyume chake. Wewe uliyenunua kwa dola unaumia au kunufaika kwa mpangilio tofauti na kampuni, na mara nyingine vitu hivi viwili vinafutana.

Tatu ni mwendo wa viwanda duniani. Robo ya tatu ya 2025 mapato ya WEG yalikua kwa takriban 4% tu ikilinganishwa na mwaka uliotangulia. Kampuni iliyozoeshwa kusifiwa kwa kukua kwa tarakimu mbili ikionyesha 4%, soko huadhibu bila kungoja maelezo.

Hatua ya 8: Bei

Kuna takriban hisa bilioni 4.2. Faida ya 2024 ya reais bilioni 6.0 inakupa karibu reais 1.44 kwa hisa. Gawanya bei ya hisa uliyoiona leo kwa faida ya hivi karibuni ya miezi kumi na miwili. Kwa faida ya 2024, hisa ya reais 50 ni mara 35, ya 40 ni mara 28, ya 30 ni mara 21.

Kisha jaribu hivi. Chukulia faida itakua kwa 10% kila mwaka kwa miaka kumi, na mwishoni soko litailipa kampuni mara 20 ya faida yake, kizidisho ambacho bado ni cha heshima. Aliyenunua kwa mara 35 atakuwa na ongezeko la bei la takriban 4% kwa mwaka. Aliyenunua kwa mara 22 atapata karibu 9%. Kampuni ileile, faida ileile. Ongeza gawio, ambalo katika bei hizo huwa kati ya asilimia moja na tatu, kisha toa unachodhani reais itapoteza dhidi ya dola. Ukiweka 3% kwa mwaka, wa kwanza anabaki na mapato madogo kuliko dhamana ya serikali ya Marekani, na dhamana haina usumbufu wa ushuru wala shaba.

Ongeza kipimo cha Wabrazil wenyewe. Kwao serikali inalipa riba karibu na hiyo ya benki kuu. Riba ikiwa 15%, mstaafu wa São Paulo hana haraka ya kushika hisa ya mara 35. Riba ikishuka, fedha hurudi kwenye hisa na vizidisho hupanda. Sehemu ya utakachopata au kupoteza itatokana na uamuzi wa benki kuu ya Brazil, hata kiwanda kisipobadilika.

Msimamo wangu: chini ya mara 24 ya faida ni bei ya kununua taratibu. Kati ya 24 na 30 ni bei ya kushika ulichonacho. Zaidi ya hapo ningependa kusubiri, hata kama kila robo inaleta habari nzuri. Wewe unaweza kuweka mipaka yako tofauti, ila iandike kabla ya kufungua programu ya dalali.

Hatua ya 9: Kununua ukiwa Afrika Mashariki

Masoko ya hisa ya Nairobi na Dar es Salaam hayana kiwanda cha mota kilichoorodheshwa. Hisa ya WEG inauzwa São Paulo kwa alama WEGE3. Kwa mtu wa huku, mlango rahisi ni stakabadhi zinazowakilisha hisa hizo, zinazouzwa Marekani nje ya soko rasmi kwa alama WEGZY. Zinapatikana kwa baadhi ya madalali wa kimataifa wanaopokea wakazi wa Kenya, Tanzania na Uganda. Mauzo yake ya siku ni kidogo kuliko ya São Paulo, kwa hiyo tumia oda yenye kikomo cha bei, usitumie oda ya bei yoyote. Tazama pia ada ya utunzaji inayokatwa na benki inayotoa stakabadhi, maana kwa mtaji mdogo inauma.

Kenya iliondoa sheria ya udhibiti wa fedha za kigeni mwaka 1995, hivyo kutuma dola nje kwa uwekezaji hakuna kikwazo kikubwa zaidi ya maswali ya benki. Mkazi wa Tanzania aulize benki yake kuhusu masharti ya Benki Kuu kabla ya kutuma, kwa sababu kanuni za uwekezaji nje ya nchi zina mipaka yake. Kodi ya Brazil nayo ihesabiwe: kwa miaka mingi gawio la kawaida halikukatwa kodi, lakini sheria iliyosainiwa Novemba 2025 imeweka makato ya 10% kwa gawio linalokwenda nje ya nchi kuanzia 2026. Sehemu nyingine ya malipo ya WEG hutolewa kama riba juu ya mtaji wa wanahisa, na hiyo ilikuwa ikikatwa tangu zamani.

Gawa fedha zako mara tatu au nne. Nunua sehemu moja, kisha subiri matokeo ya robo yanayofuata. Matokeo hutoka Februari, kati ya Aprili na Mei, Julai, na Oktoba, kwa Kireno na Kiingereza, kwenye ukurasa wa wawekezaji wa tovuti ya kampuni. Siku hiyo fungua daftari, jaza mistari mitano: mapato kwa dola, faida kwa kila 100 ya mauzo, faida kwa mtaji, fedha taslimu ukitoa deni, na maneno ya uongozi kuhusu oda za transfoma na mota. Faida kwa mtaji ikishuka chini ya 25% kwa robo nne mfululizo bila ununuzi mpya wa kuieleza, au kampuni ikianza kukopa ili kununua biashara iliyo mbali na mota na umeme, uza nusu siku hiyohiyo na uisome upya kuanzia hatua ya kwanza.